Cherehani Ilihama, Wateja Wakatawanyika

Oktoba 2020, ufuo wa Paquitequete, mtaa wa wavuvi mjini Pemba, kaskazini mwa Msumbiji, ulipokea mashua na majahazi yaliyojaa watu waliokimbia vita kutoka upande wa kaskazini: Mocímboa da Praia, pwani ya Macomia, Quissanga na visiwa vya Quirimbas. Katika wiki chache walishuka pale watu zaidi ya 10,000. Walishuka na watoto, sufuria, mikeka na nyavu. Fundi aliyewahi kuokoa cherehani yake alikuwa ameokoa mtaji mzima, na mikono yake ilijua kazi kama ilivyoijua jana. Alichokosa ni wateja. Bibi aliyempa nguo za sikukuu kila mwaka alikuwa amekimbilia kwingine, na mwalimu wa madrasa aliyemletea kanzu hakujulikana alipo.

Hadi mwisho wa 2022 watu waliohama makwao kwa sababu ya vita katika mkoa wa Cabo Delgado walizidi milioni moja. Wengi wao walikuwa wamejiajiri wenyewe: wavuvi, wachuuzi, waoka mikate, mafundi seremala, wasusi, mafundi wa simu, mama wa bajia na mandazi. Baadaye wengine walirudi Mocímboa da Praia, baada ya mji huo kukombolewa Agosti 2021, na wengine Palma. Wengine wamekita mizizi Pemba na Metuge. Waliorudi na waliobaki wote wamekutana na kazi moja ngumu, nayo ni kuanza kutafuta wateja upya.

Kazi hiyo ina kanuni zake, na pwani hii imezijua tangu zamani.

Ya kwanza inahusu mteja mmoja mkubwa. Mwaka 2010 kampuni ya Anadarko ya Marekani ilipogundua gesi asilia baharini upande wa Palma, mji huo mdogo ulio jirani na mto Ruvuma ulibadilika sura. Vyumba vya wageni viliongezeka, vibanda vya chakula vikafunguliwa, waliokuwa na gari wakalikodisha. Wakati TotalEnergies ya Ufaransa (siku hizo ikiitwa Total) ilipoushika mradi wa gesi hiyo mwaka 2019, wafanyabiashara wengi wa Palma walikuwa wameshautazama uzio wa mradi kwenye rasi ya Afungi kuwa ndiko riziki iliko. Machi 24, 2021 mji ukashambuliwa. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kusimamisha mradi kwa dharura, na mteja mkubwa akatoweka.

Kampuni iliondoa dharura hiyo Novemba 2025. Lakini kwa sababu za usalama mpango wake umekuwa kwamba wafanyakazi wakae ndani ya eneo la mradi na wafike kwa ndege au kwa bahari, na wafanyabiashara wa Palma wamelalamika wazi kuhusu hilo. Malalamiko yao yana haki. Mtu anayeteremka uwanja wa ndege ndani ya uzio, akala na kulala humo humo, hawezi kununua samaki wa kukaanga sokoni Palma hata akitamani. Kwa hiyo anayefungua kibanda leo na kukipanga kwa kumngoja mgeni wa gesi amepanga jambo lisilo mikononi mwake. Wapo wateja wengine, wenye vipato vidogo: mvuvi, mkulima wa korosho, muuguzi wa kituo cha afya, mwendesha pikipiki ya abiria. Hao hupita mbele ya kibanda kila siku.

Kwa watu hao, mwenye biashara anapaswa kujua fedha huingia lini mifukoni mwao. Pwani ya Cabo Delgado fedha hufuata mwezi, na si mwezi wa kalenda tu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au unapoandama, maji hukauka mbali, miamba ikaonekana, na wanawake wakashuka kuokota kome na chaza na kuchokoa pweza. Siku za maji mafu mapato hayo hupungua. Wavuvi wa dagaa nao hutegemea usiku wa giza, maana taa zao hazina nguvu kwenye mbalamwezi. Muuza vitambaa anayepita kijiji cha wavuvi wa dagaa kwenye mbalamwezi atasikia “kesho” kwa kila mlango, akadhani bidhaa zake hazipendwi. Angepita baada ya usiku wa giza kurudi angeuza.

Bara, kuelekea Nangade na Mueda, saa ya fedha ni korosho. Msimu huanza karibu na Oktoba, na ndipo mkulima hununua mabati, baiskeli au simu. Desemba na Januari, shule zikiwa zimefungwa, ni wakati wa jando na unyago, na vijana wanaotoka huko huvishwa nguo mpya. Kuna Ramadhani, ambapo anayeuza tende, mihogo na samaki wa futari hujipatia wateja wa mwezi mzima, na kuna wiki ya kabla ya Idi, ambapo fundi cherehani halali. Walimu na wauguzi hulipwa mwisho wa mwezi. Fundi mwenye kuziandika siku hizi zote kwenye karatasi moja na kuitundika ukutani, akajua lini anunue vitambaa na lini apunguze, anamtangulia jirani yake anayeamka kila asubuhi akitumaini bahati.

Kipimo pia huvuta mteja, pengine kuliko bei. Mtu mwenye metikali chache mfukoni hawezi kununua chupa nzima ya mafuta, lakini anaweza kununua kiasi cha kupikia jioni hiyo. Ndiyo maana katika masoko ya mkoa huu mafuta hupimwa kwa vichupa, karanga kwa kikopo, sabuni kwa kipande na nyanya kwa mafungu madogo. Wako wanaodharau biashara hiyo ya visehemu, wakati ndiyo inayomrudisha mteja yuleyule mara nyingi ndani ya wiki moja. Kila anaporudi anaona kitu kingine. Hapo uaminifu wa kipimo una thamani kubwa mno. Kikopo kilichobonyezwa kitako ili kipunguze karanga hugunduliwa mapema, na habari hufika mtaa wa pili kabla ya jua kutua.

Nani humleta mteja mpya? Pwani, huletwa na mteja wa zamani. Mwanamke akionekana harusini na gauni la kapulana, kitambaa cha wanawake wa Msumbiji, lililomkaa sawasawa, ataulizwa na wenzake limeshonwa na nani. Jibu lake huenda mbali kuliko bango lolote. Fundi hodari kwa hiyo huchagua baadhi ya kazi zake kwa makusudi: nguo ya bibi harusi, ya kungwi, ya mtu anayetazamwa na wengi. Hiyo huishona kwa uangalifu wa pekee hata kama faida yake ni ndogo, na huimaliza kwa siku aliyoahidi. Hilo la mwisho linahitaji kusemwa kwa sauti. Mafundi wengi wa pwani hawakimbiwi kwa ushonaji mbaya. Hukimbiwa kwa “njoo kesho kutwa.”

Jina lililo wazi nalo husaidia. Mfano bora kabisa katika pwani nzima ya Waswahili ni wa Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara aliyeanza Mombasa mwaka 1887 na aliyejulikana kwa jina la Abdulla. Khanga zake zilibeba alama ya “K.H.E. – Mali ya Abdulla,” na inasimuliwa kwamba yeye ndiye aliyeanza kuchapisha misemo ya Kiswahili juu yake mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kwa alama hiyo mnunuzi wa Lamu au wa Mtwara aliyependa ubora wa kitambaa cha mwaka jana aliweza kuomba kilekile. Kwa misemo alipata sababu ya kununua nyingine, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imeshasema lake. Muoka mikate wa Mocímboa da Praia hana kiwanda, lakini anaweza kuwa na mfuko wenye chapa yake, au mkate wenye umbo lake unaotambulika kwa jicho. Mchuuzi wa samaki anaweza kuwa na mlio wake wa honi, wapishi wakausikia wakajua ni fulani anapita.

Lugha ni sehemu ya jina hilo. Ukanda huu una Kimwani, Kimakonde, Kimakhuwa, Kiswahili na Kireno, na siku moja ya soko husikika zote. Aliyehamia Pemba kutoka Mocímboa atajisikia nyumbani Paquitequete, ambako Kimwani ndicho kinachozungumzwa. Akipanda juu mitaa ya Cariacó na Natite, au akivuka kwenda Metuge, Kimakhuwa kitamfungulia milango mingi zaidi. Salamu kamili kwa lugha ya mteja, pamoja na kumuuliza hali ya nyumbani, haigharimu chochote. Kwa mgeni aliyehama vitani, anayetazamwa na baadhi ya wenyeji kwa wasiwasi, salamu hiyo inaweza kuamua kama atauza au hatauza.

Kisha kuna simu. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ilifika Msumbiji 2013 kupitia Vodacom, na e-Mola ya Movitel ikawa mshindani wake. Kaskazini ya Cabo Delgado, ambako mapigano yaliwahi kufunga benki, fedha za simu si anasa. Ndugu aliyeko Maputo au Nampula hutuma hela kwa simu, na aliyezipokea anataka kuzitumia bila kutafuta wakala wa kutoa fedha. Namba ya malipo iliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kibanda humzuia mteja huyo asivuke barabara. Mwenye simu yenye intaneti huweka picha za kazi yake kwenye hali ya WhatsApp. Picha moja safi, iliyopigwa mchana kwenye mwanga, inatosha kuliko kumi za giza. Na kwa mafundi waliohama, simu imefanya jambo kubwa zaidi: namba ileile ya zamani, ikihifadhiwa, huwaruhusu wateja waliotawanyika kumtafuta fundi wao popote alipo. Kubadilisha laini kila mara ni kujipoteza.

Jambo linalosumbua zaidi ni mkopo. Katika kijiji cha wavuvi haiwezekani kuuza bila kukopesha, na anayekataa kabisa ataonekana hana utu. Lakini deni lina tabia ya ajabu. Siku ya kwanza humfunga mteja kwenye kibanda, na likikua humfukuza. Mtu mwenye deni kubwa huona haya, akaanza kupita njia ya nyuma, na hata fedha taslimu anapozipata huenda kununua kwa mwingine ili asidaiwe mbele za watu. Mwenye kibanda hapo amepoteza mali na mteja kwa pamoja. Wenye busara hukopesha kidogo, huandika daftarini mbele ya mkopaji mwenyewe, na huweka siku ya kulipa inayolingana na kipato chake: mvuvi baada ya giza la mwezi, mwalimu mwisho wa mwezi, mkulima baada ya kuuza korosho. Kudai hufanywa faraghani. Deni la zamani lisilolipika ni afadhali lipunguzwe kwa maelewano, ili mlango wa mteja ufunguke tena.

Kwa anayetaka kuuzia shule, hospitali, hoteli au mashirika, maneno matamu hayatoshi. Wateja hao huuliza NUIT, yaani namba ya mlipakodi, na huhitaji risiti. Sheria Na. 5 ya 2009 iliweka kodi rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, inayoitwa ISPC, ambayo wakati ilipoanzishwa mtu angeweza kuilipa kwa asilimia 3 ya mauzo yake. Wengi huogopa karatasi hizi, na woga huo unaeleweka kwa mtu aliyepoteza hata kitambulisho wakati wa kukimbia. Lakini bila hizo, zabuni ya kushona mashuka ya hospitali au kupika chakula cha semina humwendea mwenye duka kubwa wa mjini.

Kisiwa cha Ibo kinaonyesha hatari ya kutegemea mnunuzi wa aina moja. Masonara wake, ambao kwa muda mrefu wamefanya kazi kwenye ngome ya São João Baptista iliyojengwa 1791, huvuta fedha kuwa nyuzi nyembamba na kuzisuka mikufu na hereni. Watalii ndio waliokuwa wakinunua kazi hizo kwa wingi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilibomoa nyumba nyingi kisiwani, kisha vita vikawafukuza wageni. Ustadi wa masonara haukupungua hata chembe. Mnunuzi wao alikuwa wa aina moja, na alipoacha kuja hapakuwa na wa pili karibu. Kazi ya thamani kama hiyo inahitaji wanunuzi mahali pengi: maharusi wa pwani yenyewe, maduka ya Pemba na Maputo, na jamaa walioko ng'ambo. Kuwapata kunataka mtu wa kusafirisha na kuuza, jambo ambalo sonara aliyeinama juu ya moto hawezi kulifanya peke yake. Mafundi kadhaa wakichangia kumlipa muuzaji mmoja, linawezekana.

Fundi cherehani aliyehamia mtaa mpya ana nafasi ya karibu zaidi. Mwaka wa masomo Msumbiji huanza kati ya mwisho wa Januari na Februari, na watoto wengi wanaoandikishwa huhitaji sare. Anayengoja mzazi aje kibandani Januari amechelewa, kwa sababu vitambaa vya rangi ya shule vimepanda bei na jirani ameshachukua vipimo. Novemba ndiyo mwezi wa kwenda shuleni na sare moja iliyoshonwa vizuri mkononi, kumwona mkuu wa shule na kamati ya wazazi, kutaja bei, na kukubali walipe nusu sasa na nusu siku ya kuchukua.