Garissa, Jirani Zetu wa Mto Tana

Maji ya Tana tunayoyaona yakimwagika baharini Kipini yamekwisha kuwapitia ndugu zetu wa Garissa. Hata hivyo, sisi watu wa pwani, nami nikiwamo, twaijua Jeddah kuliko Garissa.

Uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki leo ni kaunti tatu: Garissa, Wajir na Mandera. Mashariki imepakana na Somalia, kaskazini na Ethiopia. Ni nchi tambarare, kame, ya ngamia na visima. Wenyeji wengi ni Wasomali, Waislamu kama sisi.

Uhuru wa Desemba 1963 haukuwafikia sawasawa. Wengi wao walitaka kuungana na Somalia, na mwezi uo huo serikali ikatangaza hali ya hatari. Amri hizo zilidumu hadi 1991. Mtu aliweza kuwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa.

Zamani mkuu wa mkoa aliteuliwa Nairobi. Kwa Katiba ya 2010, tangu Machi 2013 wenyeji humchagua gavana na bunge la kaunti, wasimamizi wa zahanati na maji.

Aliyetawaliwa kwa amri miaka 28, leo ana haki ya kumwuliza kiongozi wake: kisima ki wapi? Nasi wa pwani tuwaulize wetu.