Ramani ya matope: Nani anachafua Ghuba ya Speke, na nani alipe?

MVUA za vuli zinapoanza, Mto Simiyu, ambao kiangazi sehemu kubwa yake hubaki mchanga na vidimbwi, hufurika kwa siku chache na kugeuka rangi kama chai ya maziwa. Maji hayo hutoka mbali. Yanakusanywa kuanzia nyanda zilizo jirani na Serengeti, yanapita kwenye mashamba ya pamba, mahindi na mtama ya Bariadi, Meatu na Maswa, kisha yanaingia Magu na kumwagika Ghuba ya Speke. Mpita njia huona matope. Kwa hesabu za uchumi, ile ni mbolea ya mkulima inayosafirishwa bure kwenda ziwani.

Uchafu wa kiwandani una bomba, na bomba lina mwenyewe. Ofisa wa mazingira anaweza kupima maji yanayotoka, akaandika faini siku hiyo hiyo. Uchafu wa mashambani hauna bomba. Unatoka kidogo kidogo katika maelfu ya mashamba, kwa saa chache za mvua kubwa, na ukifika mtoni hakuna anayeweza kusema tope hili ni la fulani. Ndiyo maana wataalamu wa ardhi na maji hutumia ramani inayounganisha mambo mawili: ardhi inatumikaje, na nini kinaingia mtoni.

Kuitengeneza si jambo la miujiza. Picha za satelaiti za Landsat, zilizoanza kupigwa mwaka 1972 na kutolewa bure tangu 2008, huonyesha palipo na shamba, pori, malisho na makazi. Juu ya picha hizo huwekwa ramani ya mwinuko, ya aina za udongo na ya mvua. Kisha kila kipande hupigiwa hesabu kwa mlinganyo wa Wamarekani wawili, Walter Wischmeier na Dwight Smith, waliouchapisha mwaka 1965 na kuurekebisha 1978. Mlinganyo huo huzidisha nguvu ya mvua, ulaini wa udongo, urefu na ukali wa mteremko, kiasi ardhi ilivyofunikwa, na jinsi inavyolimwa.

Mvua ni ya Mungu na mteremko umerithiwa. Lakini ardhi iliyofunikwa na isiyofunikwa zinatofautiana mno: shamba lililotifuliwa na kuachwa wazi hupewa alama 1, wakati msitu uliofunga hupewa takriban 0.001. Kwa maneno mengine, mvua ile ile, kwenye udongo ule ule, inaweza kung'oa udongo mara elfu moja zaidi pakiwa wazi.

Wasukuma walikuwa na ramani yao kabla ya satelaiti. Mkulima wa huko hahitaji maabara kujua kwamba luseni, udongo wa kichanga wa juu ya mteremko, ni mwepesi kulimwa na mwepesi kuondoka. Kwamba itogolo iliyo chini yake ina tabaka gumu lisilopitisha maji. Na kwamba mbuga nyeusi ya bondeni ndiyo inayopokea vyote. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, Tanga, aliueleza mpangilio wa namna hii wa udongo kufuata mteremko kwa wanasayansi wa dunia katika miaka ya 1930. Ramani za leo zinathibitisha kilichokuwa kikijulikana vijijini.

Sasa tuangalie gharama. Milimita moja tu ya udongo ikiondoka kwenye ekari moja, ni kama tani 5. Tuseme udongo huo una naitrojeni asilimia 0.1, kiwango cha kawaida kwa ardhi iliyolimwa miaka mingi. Hapo zimeondoka kilo 5 za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23. Kwa hiyo milimita tano zikiondoka, unene usiofika hata upana wa penseli, ekari hiyo imepoteza zaidi ya mfuko mzima. Na hesabu hiyo ni ya upole, kwa sababu maji huanza kuchukua chembe ndogo na nyepesi, ambazo ndizo zenye rutuba nyingi.

Mkulima haoni hasara hiyo kwa sababu hakuna anayemletea ankara. Anaona tu kwamba shamba limechoka.

Ziwani, mali hiyo hiyo inakuwa balaa. Fosforasi iliyonata kwenye udongo hulisha mwani na magugu maji, na mwani ukifa na kuoza humaliza hewa ya oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800 lakini kina chake kwa wastani ni mita 40 tu, hivyo halina pa kuficha uchafu. Mvuvi hulipa kwa kwenda mbali zaidi na mafuta mengi zaidi. Mamlaka za maji hulipa kwa dawa za kusafishia, na mama wa kijijini hulipa kwa shabu ya kutulizia tope ndoani. Dawa nyingi za kuua wadudu wa pamba nazo hunata kwenye chembe za udongo na kusafiri nazo.

Hata hivyo ramani ya mito peke yake hudanganya. Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Victoria, uliozihusisha Tanzania, Kenya na Uganda kuanzia 1997 hadi 2005, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya fosforasi ya ziwa huanguka kutoka hewani, pamoja na vumbi na moshi wa mioto ya mashamba na misitu. Hapa mkulima wa pamba anabanwa kotekote. Kanuni za zao hilo zinamtaka ang'oe na kuchoma masalia baada ya mavuno ili funza wasipate pa kujificha. Ni kanuni yenye sababu nzuri, lakini inaacha moshi hewani na shamba likiwa tupu kabisa wakati mvua ya kwanza inapopiga.

Kinachowaumiza wengi zaidi ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya umbali huo kutoka kwenye kingo za mito na maziwa. Chukua mlima nyanya mwenye kiwanja chenye upana wa mita 67 kandokando ya mto. Mita 60 zikiondolewa, amepoteza ekari nzima, na pengine ndiyo ekari yake pekee inayopata maji ya kumwagilia.

Ukanda wa majani mtoni unachuja tope, hilo halina ubishi. Lakini maji yaliyokwisha kukusanyika kwenye korongo huupita ukanda huo kama hayauoni. Na makorongo mengi huanzia juu, kwenye njia za ng'ombe na mitaro ya barabara. Mlinganyo wa Wischmeier na Smith wenyewe hauhesabu makorongo, hivyo anayetumia ramani bila kutembea mashambani, na bila kupima maji juu na chini ya makutano kama ya Simiyu na Duma, atamwadhibu mtu wa bondeni kwa kosa la mteremkoni.

Huko juu gharama ni ndogo. Ekari ya mraba ina kama mita 63 kila upande. Mistari miwili ya majani ya kukinga maji, yenye upana wa mita moja moja, hula asilimia 3 ya ekari, na majani hayo hulisha ng'ombe. Usukuma kuna mfano mkubwa zaidi wa ngitili, malisho yanayofungwa ili nyasi na miti virudi. Mpango wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 katika mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao ulihusisha pia Bariadi, Maswa na Meatu, ulirudisha ngitili kwa mamia ya maelfu ya hekta kwa sababu wenye ng'ombe waliona faida ya majani ya kiangazi. Matuta ya lazima na amri za kupunguza mifugo zilizoletwa na wakoloni baada ya 1947 zilipingwa na kuporomoka katika miaka ya 1950.

Nani alipie hiyo asilimia 3? Katika milima ya Uluguru, Morogoro, mashirika ya CARE na WWF yalianza mwaka 2006 mpango ambao wakulima wa Kibungo Juu walilipwa kwa kutengeneza matuta ya ngazi na kupanda miti, na shirika la maji la Dar es Salaam likachangia, kwa kuwa jiji linakunywa maji ya Ruvu. Bonde la Ziwa Victoria lina bodi yake ya maji inayokusanya ada kutoka kwa watumiaji wenye vibali. Sehemu ya ada hiyo ingeweza kupanda mlimani, na ramani ingesaidia ilipwe kwenye miteremko inayotoa tope jingi badala ya kugawanywa kijiji kwa kijiji kama posho.

Kitakachobaki kigumu ni njia za ng'ombe. Hazina hati, wala mwenyewe wa kusaini mkataba. Kijiji pekee ndicho chenye uwezo wa kuzihamisha, kupitia mpango wa matumizi ya ardhi unaoruhusiwa na sheria ya mwaka 2007, na kabla ya hapo wafugaji na walima nyanya watalazimika kukaa mkutano mmoja, ramani ikiwa mezani.