Diski Imejaa: Nani Kaila Nafasi?

Juni inapokaribia kwisha, saiba za Likoni hujaa watu. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kujaza ritani za kodi za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, na, kama ilivyo ada, wengi huisubiri siku hiyo hiyo. Foleni imefika mlangoni, skana haipumziki, mara kompyuta inaleta onyo pembeni mwa kioo: nafasi kwenye diski inakaribia kwisha. Mhudumu anafuta filamu mbili tatu, kazi inaendelea. Kesho yake onyo limerudi.

Mhudumu huyo amefuta kabla ya kuuliza ni diski gani iliyojaa. Onyo la Windows hutaja herufi: C, D au nyingine. Diski moja huweza kugawanywa kama nyumba ya vyumba vya kupangisha, kila chumba na herufi yake, na mizigo iliyoondolewa chumba cha D haimpi nafasi mpangaji wa C.

Yako maonyo yasiyo na msingi kabisa. Toleo la Windows 10 la Aprili 2018 liliposambazwa, baadhi ya watumiaji waliona diski wasiyoijua, ndogo, imejaa pomoni, na onyo lake likijirudia kila mara. Ilikuwa sehemu ya uokozi, ambayo kwa kawaida hufichwa, inayotunza vifaa vya kuirudisha kompyuta katika hali yake siku mfumo ukiharibika. Sasisho liliipa herufi isiyohitajika, na mfumo ukaanza kuilalamikia kama diski ya kawaida. Dawa ilikuwa kuiondolea herufi tu, kwa programu ya diskpart inayokuja na Windows yenyewe. Kufuta yaliyomo kungemwachia mwenye kompyuta mashine isiyo na njia ya kujiokoa.

Onyo likiwa la C, washukiwa wanajulikana. Sasisho kubwa huacha folda iitwayo Windows.old, yenye mfumo wa zamani, ambayo huweza kuchukua gigabaiti nyingi. Kwa kawaida Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10. Kuna pia faili iliyofichwa, hiberfil.sys, inayohifadhi kazi kompyuta inapolazwa bila kuzimwa. Ukubwa wake wa kawaida ni kama asilimia 40 ya RAM, hivyo mashine yenye RAM ya gigabaiti 8 hupoteza gigabaiti 3 na ushei. Asiyeitumia huduma hiyo anaweza kuizima kwa amri ya powercfg /h off.

Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, ina maradhi yake. Faili ya CBS, inayoandika habari za masasisho, ikipita gigabaiti 2, mfumo hushindwa kuibana. Hujaribu tena na tena, na kila jaribio huacha faili nyingine, jina lake likianza na cab_, ndani ya folda ya Temp ya Windows. Diski hujaa bila mtu kuhifadhi chochote.

Kwenye saiba, hata hivyo, mlaji mkubwa huenda akawa skana. Ukurasa mmoja wa A4 ukipigwa kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, bila kubanwa, huzidi megabaiti 100. Nukta 300 huushusha hadi robo ya hapo, na kuuhifadhi kama PDF au JPEG hupunguza zaidi. Kurasa kumi kwa rangi na nukta 600, zisipobanwa, tayari ni gigabaiti nzima, na folda ya nakala za vitambulisho na vyeti hukua bila kelele.

Folda hiyo ina jambo jingine. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haitaki taarifa za mtu zihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Nakala ya kitambulisho cha mteja wa mwaka juzi inakula nafasi na inamweka mteja huyo hatarini. Kuifuta kunatatua mawili kwa pamoja, mradi pipa la taka la kompyuta nalo lisafishwe. Kilichomo humo bado kinahesabiwa kwenye diski.

Asiyejua pa kuanzia atumie WinDirStat, programu ya bure inayochora diski nzima kwa vipande vya rangi, kikubwa kikionekana kikubwa. Na anayenunua diski ya gigabaiti 256 akaona 238 asimgombeze muuzaji: mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, Windows huhesabu kwa 1,024.

Kabla ya kufuta chochote, soma herufi iliyotajwa, tazama kinachokula nafasi, kisha weka nakala ya kazi muhimu kwenye diski nyingine. Folda usiyoijua iache kwanza, umuulize fundi.