Safari: Neno Moja, Wasafiri Mbalimbali

Mwanafunzi anayepanda basi mjini Kisumu kurejea chuoni Nairobi huagwa na jamaa zake kwa maneno "safari njema". Hakuna anayemtarajia kuona simba njiani. Mtalii anayeshuka siku iyo hiyo katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta husema naye kwamba amekuja safari, na asipomwona simba atajiona amepunjwa. Wawili hao wametamka neno moja, lakini dhana walizo nazo hazilingani. Makala haya yanashikilia kwamba maana ya neno hili, katika kila lugha lilikotua, imeamuliwa kwa kiasi kikubwa na swali moja: ni nani aliyekuwa akisafiri, na alikwenda kutafuta nini?

Asili ya neno ni Kiarabu, safar, lenye mzizi wa konsonanti tatu s-f-r. Wanaisimu wa Kiarabu wa kale waliuhusisha mzizi huo na dhana ya kufunua, wakaeleza kwamba safari iliitwa hivyo kwa kuwa hufunua tabia za watu. Aliyewahi kukaa siku mbili ndani ya gari lililoharibika pamoja na wenzake hatawapinga. Mzizi uo huo umezaa sufra, ambayo hapo mwanzo ilikuwa chakula cha njiani, kisha ngozi iliyotandikwa ili chakula hicho kiliwe juu yake, na hatimaye meza ya kulia. Hapa inafaa kutahadhari. Sifuri, sufuria na safura yanasikika kama ndugu wa safari, ilhali yametokana na maneno yenye herufi saad, si siin. Kiswahili kimezifanya sauti hizo mbili kuwa moja, na anayefuata sikio pekee huunda ukoo usiokuwepo.

Katika Kiajemi, Kiurdu na Kihindi neno halikuhama sana: safar imebaki mwendo wa kutoka mahali hadi mahali, na safarnama ni kitabu cha masimulizi ya mwendo huo. Ni katika Kituruki ambapo mambo hubadilika. Dola ya Uthmania ilikuwa dola ya majeshi, na sefer likawa neno la jeshi linapotoka kwenda vitani. Kutokana nalo likaundwa seferberlik, yaani hali ya taifa zima kuitwa vitani. Mwaka 1914 amri ya namna hiyo ilipotolewa, wanaume wa Syria na Lebanon walichukuliwa kwa maelfu, na njaa kali ikafuata. Waarabu wa nchi hizo waliipokea istilahi hiyo wakaitamka safar barlik, na hata leo ni jina la msiba. Filamu ya mwaka 1967 aliyoigiza Fairuz ina jina hilo hilo. Kwa hivyo neno lililotoka kwa Waarabu likiwa na maana ya mwendo wa kawaida lilirudi kwao likiwa limebeba maana ya dola iliyowatawala.

Kituruki hicho hicho, hata hivyo, kina upande wa upole. Msafiri wa Kiarabu, musafir, amekuwa misafir, na maana yake si msafiri tena bali mgeni. Kiromania na Kigiriki vilichukua neno hilo kutoka kwa Waturuki kwa maana iyo hiyo ya mgeni. Mtu ni yule yule, ila anatazamwa kutoka mlangoni pa mwenye nyumba, si kutoka njiani. Mswahili hahitaji kuelezwa sana uhusiano huo, kwani methali yake yasema msafiri masikini ajapokuwa sultani. Fauka ya hayo, Mturuki husema bu sefer kama Mswahili anavyosema "safari hii", wote wakimaanisha "mara hii". Anayekwenda na kurudi huzihesabu safari zake, na hesabu hiyo ikageuka kipimo cha matukio mengine yote. Mkulima aliyekosa mavuno mwaka jana husema safari hii atapanda mapema, ingawa hajaondoka shambani mwake.

Kiswahili kililipokea neno na kulipa viambishi vya Kibantu: msafiri, msafara, kusafirisha, kusafirishwa. Katika karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa ilipokuwa ikipita kati ya pwani na maziwa makuu, safari ilikuwa kazi ya miezi mingi, tena ya mizigo kichwani. Hata hivyo neno halikufungwa na bara hili wala na biashara hiyo. Katika kitabu Safari za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1901, Salim bin Abakari anasimulia alivyosafiri Urusi na Siberia mwaka 1896. Siberia haina simba wala twiga. Kwa msimulizi huyo, safari ni safari.

Waingereza walilikuta neno katika misafara hiyo. Richard Burton, aliyetoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1858, ni miongoni mwa wa kwanza kulitumia katika maandishi ya Kiingereza, na wakati huo bado lilikuwa na maana ya msafara. Waliomfuata walikuja kuwinda. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt aliteremka Mombasa, na yeye na mwanawe wakaua wanyama zaidi ya 500. Wapagazi waliowabebea vitu nao walikuwa safarini, lakini maana iliyoenea ulimwenguni ilikuwa ya aliyeshika bunduki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kamera ikachukua nafasi ya bunduki, na neno halikuhitaji kubadilishwa. Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano vina safari hiyo ya wanyama. Ajabu ni kwamba mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953, ingawa yaliandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, yalilitumia neno kwa maana iliyo karibu zaidi na ya Waswahili: mwendo mrefu wenye taabu.

Sasa neno limerudi, kama lilivyorudi kwa Waarabu. Kampuni inayojitangaza kwa Kiswahili kuwa ya safari haimchukui abiria wa Kakamega. Inampeleka mgeni Maasai Mara. Mfasiri anayekuta safari katika matini ya Kiingereza huinakili ilivyo akidhani amelikuta neno la nyumbani, na msomaji wa kijijini hubaki akijiuliza hao watu walikuwa wakienda wapi. "Safari ya mbugani" ingetosha, au kitenzi kutalii. Kwa mtunga kamusi suala ni gumu zaidi. Maana ya pili ipo vinywani mwa watu na haiwezi kufutwa. La kuamua ni iwapo itaingizwa kama tawi la ile ya kwanza au kama neno la mkopo, lililokopwa kutoka kwa Kiingereza ambacho nacho kililikopa kutoka kwa Kiswahili.