Dume na Jike katika Yai la Kobe

Wafugaji wa Uchina wanaomfuga kobe wa maji baridi mwenye gamba laini, ambaye wanazuoni humwita Pelodiscus sinensis, aghalabu humtaka dume kuliko jike, kwa kuwa dume hukua upesi, na ule ukingo wa nyama laini uzungukao gamba lake, ambao walaji wa huko wanauthamini mno, huwa mpana zaidi. Ndipo lilipozuka swali: ni kitu gani ndani ya yai kinachohukumu kwamba huyu atoke dume na yule jike?

Mintarafu ya kobe wengi, hukumu hutoka katika joto la mahali mayai yalipofukiwa. Yule kobe wa Marekani mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, mayai yake yakikaa katika nyuzi 26 za Selsiasi hutoa madume, na katika nyuzi 32 hutoa majike. Mnamo mwaka 2018 wataalamu wa Uchina na Marekani walibainisha kwamba katika ubaridi ule jeni iitwayo Kdm6b hufanya kazi kwa nguvu, ikaiondolea jeni ya pili, Dmrt1, alama za kikemikali zilizoizuia; nayo Dmrt1, ikiisha kuwa huru, huziongoza tezi changa za uzazi ziwe korodani.

Kobe wa gamba laini hategemei joto. Yeye hurithi jinsia kwa kromosomu, kama kuku: dume ana Z mbili, jike ana Z na W. Walakini, na hili ndilo linistaajabishalo, hata kwake amri iko kwa Dmrt1 ile ile. Ikinyamazishwa katika kiinitete chenye Z mbili, tezi hugeuka kuelekea ovari, na jeni ya Cyp19a1, yenye kuleta estrojeni, huamka.

Estrojeni yenyewe, ikitiwa mapema katika yai la Z mbili, humfanya dume wa asili kuwa jike mwenye kutaga. Naye akipandwa na dume wa kawaida, watoto wote huwa madume, maadam W haimo kwa baba wala kwa mama. Naiona njia hii kuwa bora kuliko kuwatilia homoni kobe wenyewe watakaoliwa, kwani dawa humpata mzazi peke yake. Sharti mfugaji apime damu ya kila mama atafute W, maana kwa macho jike wa Z mbili na jike wa kawaida hawatofautiki.