Kabla ya kuongeza kamera nyumbani, soma kwanza kifurushi chako

Dar es Salaam. Jumamosi moja, saa tano asubuhi, mpwa wangu wa miaka miwili na nusu alikutwa ameketi nyuma ya kochi, mkoba wa bibi yake ukiwa wazi mbele yake. Mkononi alishika pakti ya vidonge vya presha. Vidonge viwili vilikuwa sakafuni, kimoja kimelowa mate.

Bibi, aliyekuwa ameingia kutoka Moshi siku mbili kabla, alikuwa chumbani akipumzika. Hakukumbuka alikuwa amebakiza vidonge vingapi. Dada wa kazi alikuwa nje anaanika nguo. Dada yangu, mama wa mtoto, alikuwa bafuni. Ndani ya nyumba hiyo ya Tabata kulikuwa na watu wazima watatu na kamera nne.

"Dada, angalia kamera ya sebuleni," nilimwambia aliponipigia simu. "Tujue ameshika hiyo pakti saa ngapi na ameweka vingapi mdomoni."

Alifungua programu kwenye simu yake. Sebule ilionekana mubashara, safi kabisa. Alipojaribu kurudi nyuma nusu saa, hapakuwa na kitu. Video ya mwisho iliyohifadhiwa kutoka sebuleni ilikuwa ya wiki tatu nyuma, siku ambayo fundi alikuja kufunga kamera ya nne getini.

Hospitalini daktari aliuliza mambo matatu: mtoto amemeza nini, kiasi gani na saa ngapi. Tulikuwa na jibu la swali la kwanza tu, kwa sababu dada alibeba pakti. Kwa kuwa idadi haikujulikana, daktari alihesabu kila nafasi iliyokuwa tupu kana kwamba kidonge chake kiko tumboni. Mtoto alilazwa hadi kesho yake, akipimwa presha na mapigo ya moyo usiku kucha. Alitoka salama, lakini mama yake hakupata usingizi.

Kilichotokea kwenye kamera

Kamera haikuwa mbovu, wala intaneti haikukatika. Dada yangu alikuwa analipia kifurushi cha kamera tatu. Alipoongeza ya nne, programu ilitaka zichaguliwe tatu za kuhifadhiwa video. Fundi, akiwa na haraka ya kwenda kwa mteja mwingine, alichagua za nje: getini, barazani na uani. Ya sebuleni ikabaki ya kutazama tu.

Hakuna aliyemuuliza mama mwenye watoto ni ipi anaihitaji zaidi. Na kwa kuwa picha ya sebuleni iliendelea kuonekana kila alipofungua simu akiwa ofisini, hakuwa na sababu ya kushuku.

Wazazi wengi siku hizi wananunua kamera moja, wanaizoea, kisha wanaongeza nyingine. Bei ya kamera yenyewe wanaiuliza vizuri. Wasichouliza ni kama kifurushi wanacholipia kinaitosha hiyo inayoongezwa. Kuna vikomo vitatu vya kuangalia kabla hujampigia fundi.

Kikomo cha kwanza: idadi ya kamera

Kampuni hazitozi kwa namna moja. Zipo zinazotoza kwa kila kamera, zipo zinazotoza kwa nyumba nzima, na zipo zenye ngazi: kamera moja, mbili, tatu na kuendelea.

Kwa mfano, kifurushi cha chini cha Ring hufunika kifaa kimoja tu, na cha juu yake hufunika vifaa vyote vya anuani moja. Google hutoza ada moja kwa kamera zote za nyumba. Tapo Care ya TP-Link hupanga bei kulingana na idadi ya kamera.

Kwa hiyo kabla ya kununua, fungua sehemu ya malipo kwenye programu na utafute mambo mawili: kifurushi chako kinafunika kamera ngapi, na ukizidisha moja kinatokea nini. Wakati mwingine ukilinganisha, kuhamia kifurushi cha nyumba nzima kunakuwa nafuu kuliko kulipia kamera moja moja.

Jihadhari pia na siku za majaribio. Kamera mpya nyingi huja na huduma ya bure ya siku kadhaa, mara nyingi 30. Katika siku hizo kila kitu kinafanya kazi, na mzazi anaamini ndivyo itakavyokuwa. Siku zikiisha, kamera inaendelea kuonyesha picha mubashara lakini haihifadhi tena.

Kikomo cha pili: siku za kuhifadhi

Video hazikai mtandaoni milele. Kila kifurushi kina idadi yake ya siku, na zikipita video inafutwa yenyewe. Ukiona alama ya kuungua kwenye mkono wa mtoto na kifurushi chako ni cha siku chache, usisubiri mwisho wa wiki. Pakua video hiyo kwenye simu siku hiyo hiyo.

Angalia pia kama kamera inarekodi muda wote au inarekodi pale tu kinapotokea kitu kinachosogea. Nyingi za vifurushi vya kawaida ni za aina ya pili. Mtoto aliyekaa kimya kwenye kona anaweza asiiamshe kamera kabisa, na wazazi tunajua kuwa mtoto akinyamaza sana ndipo kuna jambo.

Kikomo cha tatu: bando

Hiki ndicho kinachowaumiza wengi wanaotumia ruta za laini ya simu zenye bando lenye ukomo.

Hesabu yake si ngumu. Chukua kamera inayotuma megabiti 1.5 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa picha nzuri. Ikituma video mtandaoni saa 24, inakula takriban GB 16 kwa siku, yaani zaidi ya GB 480 kwa mwezi. Hiyo ni kamera moja.

Kamera hiyo hiyo ikituma vipande 40 tu vya sekunde 15 kwa siku, inatumia chini ya MB 120 kwa siku, au karibu GB 3.4 kwa mwezi. Tofauti hiyo inatokana na mpangilio tu, wala huhitaji kununua kitu.

Kutazama mubashara nako kuna gharama. Ukiwa ofisini ukamtazama mwanao kwa saa nzima, zinaondoka karibu MB 700 kwenye bando la nyumbani, na kiasi kama hicho kwenye simu yako ikiwa hutumii intaneti ya kazini. Bando la nyumbani likiisha saa nane mchana, kamera zote zinazotegemea mtandao zinaacha kutuma kwa pamoja.

Weka kamera kwa kufuata hatari

Katika kuandika habari za afya nimekaa kwenye wodi za watoto mara nyingi. Ajali zinazowafikisha pale hazitokei getini. Ni uji wa moto uliovutwa kutoka mezani, mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, dawa za mgeni, ndoo ya maji bafuni.

Kamera za getini zina kazi yake dhidi ya wezi. Lakini kama kifurushi ni cha kamera tatu na una mtoto wa chini ya miaka mitano, angalau mbili ziangalie mahali mtoto anaposhinda mchana, kwa kawaida sebuleni na mlango wa jikoni. Ya getini inaweza kuwa ile inayorekodi kwenye memori kadi tu.

Kamera ikielekea barabarani, mwambie fundi akuwekee mipaka ya eneo la kurekodi. Bila mipaka, kila bodaboda inayopita inahesabika kuwa tukio. Unapata arifa mia kwa siku, bando linakwisha, na mwishowe unazima arifa zote, hata ile ambayo ungeihitaji.

Memori kadi inaokoa kifurushi

Kamera nyingi za Tapo, EZVIZ na Imou zina tundu la memori kadi. Kadi ya GB 128 kwa kiwango nilichotaja hapo juu inahifadhi karibu wiki moja ya kurekodi mfululizo, kisha inaanza kufuta za zamani. Hulipi kila mwezi, na inaendelea kurekodi hata bando likiisha, ilimradi umeme upo.

Ina udhaifu wake. Mwizi akiondoka na kamera, anaondoka na kadi pia. Kwa hiyo kadi inafaa zaidi ndani ya nyumba. Nunua kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya kurekodi mfululizo, kwa sababu kadi za kawaida huchoka mapema zikiandikwa usiku na mchana.

Kamera za Ring na Nest hazina tundu hilo. Uliza swali hili dukani kabla ya kulipa, hasa kama kamera unatumiwa na ndugu aliye nje ya nchi.

Mwenye kamera nne au zaidi anaweza kufikiria mashine ya kurekodia yenye hadi diski, zile mafundi wanazoziita DVR au NVR. Gharama ya kuanzia ni kubwa zaidi, lakini haina ada ya mwezi ya kuhifadhi video. Ifungie kabatini, mbali na macho ya wageni.

Jaribio la dakika kumi

Fundi akimaliza kufunga kamera mpya, usimlipe kabla hujafanya haya:

1. Pita mbele ya kila kamera, za zamani na mpya, huku ukitazama saa.

2. Subiri dakika tano, kisha fungua programu na utafute video yako ya muda ule kwenye kila kamera. Usiishie kwenye picha mubashara.

3. Tafuta video ya jana na ya juzi kwenye kamera za zamani.

4. Badilisha nywila aliyoweka fundi, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

5. Hakikisha akaunti ni ya kwako au ya mwenza wako, si ya fundi.

Rudia hatua ya kwanza na ya pili kila mwanzo wa mwezi, na kila kadi ya benki unayolipia inapobadilika.

Kamera isimdhalilishe mtu

Usiweke kamera bafuni, chooni au kwenye chumba anacholala dada wa kazi. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi ya kila mtu, na dada wa kazi hayuko nje ya hiyo. Mwambie kamera ziko wapi na ni za nini. Akijua kwamba siku mtoto akianguka video itamtetea na yeye pia, hataziona kama adui.

Fikiria mara mbili hata chumba cha watoto. Mei 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Ring ikidai kwamba wafanyakazi wake waliweza kutazama video binafsi za wateja na kwamba ulinzi dhaifu uliwaruhusu wadukuzi kuingia kwenye kamera. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Kama huwezi kuvumilia mgeni aone picha fulani, usiirekodi.

Mtoto akimeza dawa

Kuna dawa za presha na za kisukari ambazo kidonge kimoja au viwili vinaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo, na dalili zinaweza kuchukua saa kadhaa kuonekana. Usisubiri aanze kulegea. Toa vilivyobaki mdomoni, beba pakti au chupa, andika saa, na muwahishe hospitali.

Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nia ya kuua sumu. Akiwa amezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu na usimpe kitu chochote mdomoni.

Dada yangu amebaki na kifurushi kile kile cha kamera tatu. Sebule na mlango wa jikoni viko ndani ya kifurushi pamoja na baraza, na kamera za getini na uani zinarekodi kwenye kadi. Hakuongeza hata shilingi moja kwa mwezi.

Kitu kingine alichonunua ni msumari mrefu, aliougongelea juu ya mlango wa chumba cha wageni. Mgeni yeyote anayefika sasa, awe bibi au shangazi, anapokelewa, anakaribishwa maji, na mkoba wake unatundikwa pale kabla hajaketi.