Damu ya Kisigino na Asidi Amino

Mtoto aliyezaliwa salama, akanyonya kwa hamu siku mbili tatu, kisha akalegea, akakataa ziwa na kushikwa na degedege, aghalabu hudhaniwa kuwa ameingiwa na vijidudu katika damu. Wala tabibu hana lawama, kwa kuwa mara nyingi ndivyo ilivyo. Walakini wapo wachache waliorithi maradhi yao kwa wazazi wawili wazima kabisa, ambao kila mmoja alibeba hitilafu asiyoijua: kimeng'enya cha kuvunja asidi amino fulani, mojawapo ya zile zinazojenga protini, hakifanyi kazi, nayo asidi hiyo hujilimbikiza hata ikaudhuru ubongo.

Mwaka 1934 Asbjørn Følling, tabibu wa Norway, aliugundua mmoja wa magonjwa ya kurithi ya asidi amino, fenilketonuria, kwa mkojo wa ndugu wawili uliogeuka kijani alipoutia kloridi ya feri. Baadaye ikaja kromatografia ya karatasi: tone la mkojo au damu hutiwa juu ya karatasi ya chujio, ukingo ukachovywa katika kiyeyushi kinachopanda polepole, kikizikokota asidi amino kila moja kwa mwendo wake, karatasi ikikauka hunyunyiziwa ninhidrini na kupashwa moto, ndipo madoa ya zambarau yanapojitokeza, ila prolini, ambayo hutoa umanjano. Doa lililokolea kupita kiasi hutiliwa shaka. Njia hii ni rahisi kwa fedha, ingawa yataka jicho lililozoea, na jibu lake ni dalili, si hukumu.

Mama wa Mkonze, kando ya mji wa Dodoma, hana haja ya kuletewa mashine ya kumpimia mwanawe mlangoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani alionyesha kwamba damu ya kisigino iliyokaushwa juu ya karatasi yatosha, na Tanzania desturi hiyo si ngeni: ndivyo wanavyopimwa VVU watoto wa mama wenye virusi, kadi zikisafirishwa hadi maabara ya mbali. Kadi ya namna hiyo, ikifikishwa kwenye spektrometa ya masi, mashine inayotambua kemikali kwa uzito wa molekuli zake, yaweza kufichua maradhi mengi kwa tone moja; chombo ni ghali mno, bali kikihudumia maelfu, gharama ya kila mtoto hushuka, na kwa rai yangu kimoja chenye kazi ni bora kuliko vitano vilivyofunikwa shuka.

Ila mtoto akishajulikana, huanza kazi ya jikoni. Mwenye fenilketonuria hupewa maziwa maalumu yasiyo na fenilalanini, asidi amino asiyoweza kuivunja, ya mama hupimwa kiasi, na akikua, karanga, maharage, hata ugali wa uwele huhesabiwa. Basi anayeandika bajeti ya maabara na aiandike bei ya kopo la maziwa hayo katika ukurasa uleule.